Mwalimu anajibu: mnazi, punda na breki zinazonuka

Barua za mwezi huu zimezidi nafasi, nimechagua nne. Wale watatu mlioniuliza kuhusu mashine ya kujizungusha milele bila mafuta (mmoja kanitumia na mchoro wa rangi) nisameheni. Nitawajibu siku nitakayoamka na subira.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni bodaboda hapa Muheza. Nikiwa 40 nikishika breki nasimama bila wasiwasi. Wiki iliyopita nilikuwa 80, nikaliona toroli la mihogo mbele. Nikapiga hesabu: mwendo mara mbili, basi na nafasi ya kusimamia ni mara mbili. Nikalivamia. Mihogo nimeshalipa. Breki ni mpya, fundi kazikagua. Wenzangu kijiweni wanasema ningekuwa nimebeba mshikaki wa abiria pikipiki ingeing'ang'ania lami na kusimama mapema. Kweli?

Marahaba, na pole kwa mihogo. Fundi wako hana kosa. Hesabu ndiyo iliyokutupa.

Kilomita 40 kwa saa ni kama mita 11 kwa sekunde. Kwenye lami kavu, kwa breki nzima na mkono usiotetemeka, tuseme pikipiki hupunguza mita 7 hivi za mwendo huo kila sekunde. Kwa hiyo inasimama baada ya sekunde moja na nusu na kidogo, na njiani imekula mita 9. Sasa njoo kwenye 80. Mwendo ni mara mbili, kwa hiyo breki zitahitaji muda mara mbili kuumaliza. Hapo tuko pamoja. Lakini katika muda huo ulioongezeka mara mbili, unakwenda pia kwa kasi mara mbili. Muda mara mbili, kasi mara mbili: nafasi ni mara nne. Si mita 18, ni 35.

Ongeza sekunde moja ya kushtuka, jicho limeshaona na mkono bado haujabana. Kwa 40 sekunde hiyo inakula mita 11, kwa 80 inakula 22. Jumla yako ni mita 20 kwa mwendo wa kwanza na 57 kwa wa pili. Mita 57 ni nusu ya uwanja wa mpira na chenji inabaki. Mwenye toroli hakuwa na namna ya kukuponya.

Habari ya mshikaki, wenzako wana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo inayojaza wodi. Uzito ukiongezeka tairi hukandamizwa zaidi barabarani na msuguano unapanda, sawa. Lakini na kile kinachotakiwa kusimamishwa kimeongezeka kwa kiasi kilekile. Faida na hasara zinakulana, unabaki pale pale. Hiyo ni kwenye karatasi. Barabarani breki yako imetengenezwa kwa pikipiki na watu wawili. Ukipakia wanne inafika mwisho wa uwezo wake kabla tairi halijafika mwisho wa lake, na abiria wa nyuma kabisa anakulalia mgongoni wakati unahitaji mikono yako.

Nina neno moja zaidi kwa watu wa pikipiki. Nimekulia Pangani, na baba yangu mdogo alikuwa mkwezi. Kazi yangu ya utotoni ilikuwa kukaa mbali, kuhesabu madafu yanavyoanguka, kisha kwenda kuyaokota. Dafu likitoka juu ya mnazi wa mita 20 linachukua sekunde mbili tu kufika chini, na linafika likiwa na kasi ya kilomita 70 hivi kwa saa. Nilikuja kuijua namba hiyo miaka mingi baadaye chuoni, nikanyanyuka kwenye kiti. Hiyo ni kasi ambayo wewe na wenzako mnaiona ya kawaida. Kwa hiyo mtu akikuambia 70 si mwendo, mpeleke chini ya mnazi mrefu, mwambie atazame juu, umuulize kama angekubali kuruka.

Kilichonishangaza zaidi enzi hizo ni mahali dafu linapoangukia. Kwenye mchanga lilikuwa linazama mpaka nusu, na nikilichomoa ni zima, nalipangusa tu. Siku moja moja liliangukia sakafu ya saruji ya jirani, na hapo lilipasuka, maji yakaruka mpaka ukutani. Dafu ni lilelile, mnazi ni uleule, kasi ni ileile. Tofauti iko kwenye nafasi ya kusimamia. Dafu la kilo 2 linafika chini na nishati ya jouli 400 hivi, na nishati hiyo lazima iishe. Mchanga ukilipa sentimita 10 za kuzama, kani inayolisimamisha ni kama uzito wa magunia manne ya kilo 100. Saruji ikilipa sentimita moja tu, maana ganda lenyewe ndilo linalobonyea, yanakuwa magunia 40.

Kichwa chako ni dafu. Lile sponji gumu jeupe ndani ya kofia ngumu ndiyo mchanga wako, sentimita mbili au tatu za kubondeka badala ya fuvu. Likishabondeka mara moja kazi yake imekwisha, hata ganda la nje likiwa linang'aa, kwa hiyo helmeti uliyouziwa bei poa na mtu aliyepata ajali ni sufuria. Na ile ya kutundika kwenye usukani nayo ni pambo.

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, Malindi. Tumefundishwa kwamba kila kani hujibiwa na kani nyingine iliyo sawa nayo, inayoelekea upande wa pili. Babu yangu ana punda wa mkokoteni. Kama punda anauvuta mkokoteni, na mkokoteni unamvuta punda nyuma kwa kani ileile, mbona unakwenda? Nimemuuliza mwalimu, akasema nisome zaidi.

Umeuliza vizuri, mwanangu, na swali lina umri mkubwa. Newton alipoitangaza kanuni hii mwaka 1687 alitoa mfano wa farasi anayevuta jiwe kwa kamba, na kusema kwamba farasi naye anavutwa kuelekea jiwe. Tangu hapo watoto werevu wanakwama palepale ulipokwama.

Dawa yake ni kutochanganya hesabu za watu wawili. Kani hizo mbili ziko sawa, lakini moja ni mali ya mkokoteni na nyingine ni mali ya punda. Huwezi kuchukua deni la babu ukalifuta kwa akiba ya bibi. Uulize mkokoteni peke yake: wewe unavutwa na nani? Utajibu: mbele na punda, nyuma na mchanga unaoshika magurudumu. Punda akishinda mchanga, naanza kwenda. Kisha muulize punda peke yake. Atasema: nyuma navutwa na mkokoteni, na mbele nasukumwa na ardhi.

Hapo kwenye ardhi ndipo kitabu kinapopita mbio, nawe usipite. Leo jioni chuchumaa pembeni mwa punda wa babu anapoanza safari, utazame kwato za nyuma. Zinachimba. Mchanga unarushwa nyuma, visigino vinazama, mwili mzima unainamia mbele kabla gurudumu halijatikisika. Anaisukuma ardhi nyuma, na ardhi, kwa kanuni ileile iliyokusumbua, inamsukuma yeye mbele. Mpandishe punda huyohuyo kwenye sakafu yenye matope, nguvu zake ni zilezile lakini miguu inateleza papo hapo na mkokoteni hauendi. Punda havuti mzigo kwa shingo, anauvuta kwa kwato.

Kuna kingine ambacho nimefundisha miaka 31 na kila mwaka nusu ya darasa inakikataa. Mkokoteni ukishakolea mwendo na kwenda sawasawa, bila kuongeza wala kupunguza, punda anavuta kwa kani iliyo sawa kabisa na ile ya mchanga unaozuia. Hakuna ziada hata chembe. Ziada ilihitajika kuanza tu. Moyo unakataa, najua, kwa sababu kila kitu tunachokiacha hapa duniani kinasimama, tukadhani mwendo unahitaji kulishwa. Kinachohitaji kulishwa ni msuguano.

Mwalimu, nauza samaki hapa Tanga. Mteja kaniita mwizi mbele ya watu. Nilimtupia samaki kwenye sahani ya mizani ya kuning'inia, mshale ukaruka mpaka kilo tatu, ukarudi mbili. Anataka kujua kilo moja imekwenda wapi.

Dada yangu, mwambie kilo hiyo haikuwahi kuwa samaki. Ndani ya mizani kuna springi. Samaki aliyetupwa anafika na mwendo wake, na springi inalazimika kumbeba na pia kumsimamisha, kwa hiyo inavutika kupita kiasi. Hata usipomtupa, ukimweka tu na kumwachia ghafla, mshale unaweza kukimbilia karibu mara mbili ya uzito wake kabla haujatulia. Muweke taratibu, subiri mshale ulale, ndipo utaje bei. Na wewe mteja, kama umezoea muuzaji anayesoma mshale ukiwa bado unacheza, hama meza.

Mwalimu, mimi ni utingo wa lori la mizigo, Lushoto kwenda Tanga. Tukishuka kuelekea Mombo dereva anaachia gia frii, eti anaokoa dizeli. Kwenye kona za chini breki zinanuka kama nywele zinaungua, na pedali inazama. Nikimwambia anasema mimi ni utingo.

Utingo ana haki ya kuishi kama dereva, kwa hiyo msomee hii.

Kati ya Lushoto na Mombo mnateremka karibu mita 1,000. Chukua lori la tani 10 pamoja na mzigo wake wa kabichi. Kuwa juu mlimani peke yake ni akiba ya nishati, na mkifika chini akiba hiyo imetumika yote. Mngeiacha igeuke mwendo, msingeimaliza hata kona ya tatu. Kwa hiyo inabidi igeuke joto, na kiasi chake ni jouli milioni 98. Namba kama hiyo haisemi kitu, basi nikuwekee hivi: ni joto la kuchemsha pipa moja na nusu la maji ya kawaida, lita 300, kwa safari moja. Dereva akiachia frii, joto lote hilo, ukitoa kidogo kinachochukuliwa na upepo na matairi, linapikwa ndani ya dramu za breki. Ndiyo harufu unayoisikia. Breki iliyopata moto hivyo inapoteza mshiko, na pedali inazama kwa sababu joto limetanua dramu, au mafuta ya breki yenyewe yameanza kuchemka na kutoa mapovu.

Akiweka gia ndogo, injini ndiyo inayoburuzwa na magurudumu. Sehemu kubwa ya joto inapitia huko, kwenye rejeta na bomba la moshi, na breki zinabaki za kuguswa kidogo kwenye kona. Wazee wa njia ile walikuwa na kipimo chao: gia unayopandia ndiyo unayoshukia.

Na dizeli anayodhani anaiokoa? Akiwa kwenye gia, mguu umetoka kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini na pampu haina sababu ya kutuma dizeli. Akiwa frii injini lazima ijilishe ili isizime. Anahatarisha roho mbili na kabichi yote, na dizeli bado anaichoma.

Mkifika Mombo breki zikiwa bado zinanuka, usikimbilie kumwaga maji kwenye dramu, chuma cha moto hupasuka kikipata baridi ya ghafla. Wekeni jiwe kwenye tairi, mkanywe chai.