Mleta mada, kabla ya hiyo Panadol pima joto

Mama, weka hiyo chupa mezani kwanza. Salamu baadaye.

Umeandika kwamba mwanao wa miaka mitano ana saratani ya damu, wiki iliyopita alipata methotreksati, dawa ya saratani, ile drip ya njano, mkarudishwa nyumbani, na sasa mdomo wote ni vidonda. Unampa Panadol ya maji asubuhi, mchana na usiku ili afike kliniki ya Jumatatu. Unashukuru kwamba "homa hana kabisa". Halafu umeuliza ale nini, asali na ndimu vinafaa, atumie dawa gani ya meno, na kama dada yake anayesoma aendelee kulala naye. Wadau wamekujibu majani ya mpera. Mmoja kasema akwanguliwe ule utando mweupe kwa kitambaa mpaka utoke. Huyo nitamrudia.

Homa hana umejuaje? Panadol inashusha homa, ndiyo kazi yake. Ukimpa mara tatu kwa siku halafu unamshika paji la uso na kusema wa baridi, hapo unashika kazi ya Panadol. Mtoto mwenyewe hujamgusa.

Naandika kwa hasira, usinichukie. Hasira si yako. Mimi nilifanya hivyohivyo, na nilifanya kwa bidii, maana mimi nikiambiwa kila baada ya saa sita naweka mpaka alamu ya simu. Ningekuwa mvivu kidogo tungeumia kidogo.

Ilikuwa hivi. Mwanangu alitoka wodini anacheka. Baada ya siku kadhaa midomo ikaanza kupasuka, akawa hataki chai, kisha hataki maji, mwisho akawa hata mate hamezi, yanamtoka tu kifuani nabadilisha kanga. Sisi tuko mkoani, wodi iko Dar, nauli ilishakwisha. Nikaenda duka la dawa karibu na stendi. Kuna kijana pale, koti jeupe limepigwa pasi, anaongea kama amemaliza udaktari jana na leo anapumzika kidogo tu. Nikamweleza kila kitu, sikuficha kwamba mtoto yuko kwenye dawa za saratani. Akanijibu, "Mama, hayo ni maumivu tu ya vidonda. Mpe Panadol kila saa sita, usisubiri alie." Akaniongezea na chupa ya multivitamini ya kuongeza damu. Nikamshukuru! Nikamwambia Mungu akubariki. Mpaka leo nikipita pale nageuza shingo upande wa pili, kwa sababu nikimwona nitasema maneno ambayo mwanamke wa kanisani hapaswi kuyajua.

Mtoto akatulia kweli. Ndiyo sehemu inayonichoma mpaka leo, kwamba alitulia na mimi nikafurahi. Majirani nikawaambia dawa imemkubali. Kumbe hakuwa ametulia, alikuwa anaishiwa. Usiku mmoja nimeamka na alamu yangu nimpe dozi, nikamshika mkono, baridi kama ametoka mtoni. Paji la uso la kawaida. Anapumua harakaharaka, namwita anafungua macho nusu na kuyafunga. Nguo ya ndani kavu tangu mchana, hajakojoa. Nikaanza kutafuta bodaboda nikiwa na kanga moja na ndala zisizofanana.

Hospitali ya mkoa nesi mtu mzima akamvua shati, akamweka kipimajoto, akaniuliza mara ya mwisho amekunywa Panadol saa ngapi. Nikamwambia. Akauliza na kabla ya hapo. Nikamwambia. Akanitazama tu, hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Mtoto wadudu walikuwa wameshaingia kwenye damu kupitia vidonda vya mdomo. Akawekewa drip ya maji na antibayotiki palepale, baadaye gari la wagonjwa mpaka Dar. Alilazwa muda mrefu kuliko mzunguko wenyewe wa dawa, mzunguko uliofuata ukaahirishwa, na mbuzi wa baba yake wakabadilika kuwa mafuta ya gari. Mtoto yupo, anapiga kelele nyuma yangu hapa naandika. Lakini walioingia naye chumba kile hawakutoka wote.

Kule Dar ndiko daktari mmoja mwanamke alinikalisha akanieleza, nikaelewa siku ile ile, mimi niliyefeli Baiolojia. Hizi dawa zinapiga seli zinazozaliana haraka. Saratani inazaliana haraka, ndiyo shabaha. Lakini ngozi laini ya ndani ya mdomo nayo inajijenga upya kila baada ya siku chache, kwa hiyo inapigwa pia, inachubuka. Seli nyeupe za damu zinazalishwa upya kila siku, nazo zinapigwa. Mambo haya mawili yanaangukia karibu wakati mmoja, siku chache mpaka wiki hivi au zaidi baada ya drip. Yaani mlango umeachwa wazi usiku uleule ambao mlinzi kafukuzwa kazi. Na mdomo wa binadamu, hata ukisafishwa vipi, umejaa bakteria.

Tena akaniambia jambo ambalo ningeambiwa mapema ningelibandika ukutani: mtoto asiye na seli nyeupe hatoi usaha. Usaha unatokana na seli hizohizo. Kwa hiyo usisubiri kidonda kivimbe, kinuke, kitoe uchafu ndipo useme kimeingiliwa. Mara nyingi dalili pekee utakayopewa ni homa. Moja tu hiyo. Na ndiyo niliyokuwa naifuta kila baada ya saa sita kwa alamu.

Sasa unajiuliza kwa nini sikuambiwa wakati wa ruhusa. Niliambiwa! "Akipata homa mlete." Basi. Hakuna aliyesema Panadol inaificha hiyo homa. Karatasi ya ruhusa ilikuwa na maelezo, kwa Kiingereza, kwa mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino. Mama wa darasa la saba anapewa karatasi ile asubuhi, foleni nyuma yake, mtoto analia, na gari la mkoani linaondoka saa sita. Sitaji ni wapi, na sidhani ni pale peke yake. Wanaoandika karatasi hizo wangeongeza mstari mmoja wa Kiswahili tu, mbuzi wangu wangekuwa hai.

Kwa hiyo kanuni yangu, na nitairudia hata mkichoka: kipimajoto kwanza, simu pili, Panadol tatu. Sijasema Panadol ni sumu. Madaktari wenyewe wanaitumia. Nasema isiingie mdomoni kabla hujajua joto ni ngapi. Nunua kile cha namba cha betri, mweke kwapani, mkono ubane, subiri kilie. Usimpime mdomoni, utamuumiza, na usimpime sehemu ya haja kubwa kabisa, kule kukichubuka ni mlango mwingine. Andika namba na saa kwenye daftari. Wodi yetu mstari ulikuwa nyuzi 38, uliza wa kwenu. Joto likifika hapo, husubiri Jumatatu. Unaenda usiku huohuo, hospitali ya karibu yenye daktari na antibayotiki za mshipa, siyo zahanati ya kuandikiwa vidonge. Ukifika mapokezi usikae kwenye benchi kwa adabu. Sema kwa sauti: mtoto yuko kwenye dawa za saratani, ana homa, seli zake ziko chini. Inatakiwa antibayotiki ya kwanza iingie ndani ya saa moja tangu afike. Ukionekana huna adabu, sawa, adabu utaionyesha harusini.

Na kama yuko kwenye prednisolone au deksamethasoni, zile dawa za steroidi, hizo nazo zinaweza kuficha homa. Hapo joto likiwa sawa lakini mtoto kalegea, mikono ya baridi, anapumua mbio, hakojoi, usibishane na kipimajoto, ondoka. Leo hii wewe tayari umeshampa Panadol, kwa hiyo namba utakayoipata haina uhakika. Ipigie wodi simu sasa, waambie dozi zote na saa zake. Waambie pia kama anakunywa maji au la, maana baada ya hiyo drip ya njano figo zinahitaji maji, na mtoto wa mdomo mbovu ndiye asiyekunywa. Kama ulipewa vidonge vya lukovorini vya kumeza baada ya drip, hakikisha hukuruka hata kimoja, ndivyo vinavyozuia methotreksati isiendelee kumchoma. Umeruka? Waambie, usione haya.

Kuhusu maumivu, usidhani nasema aachwe alie. Vidonda vile ni vya kulia kweli. Kuna mofini ya maji, wanatoa wodini. Mimi nilipoisikia nikafikiri wananiambia mtoto anakufa, nikaanza kumpigia simu mama yangu. Hapana. Ni dawa ya maumivu makali, na haishushi homa, kwa hiyo haikudanganyi. Ukipewa, angalia choo tu, inafunga tumbo. Brufen na aspirini usiguse, pletileti, yaani chembe za kugandisha damu, zikiwa chini atatoka damu.

Sasa wewe wa kukwangua utando kwa kitambaa. Utando mweupe mara nyingi ni fangasi, unatibiwa kwa matone ya nistatini au dawa nyingine ya daktari. Ukikwangua unatoa damu isiyokatika na unafungua njia mpya. Shangazi yangu alikuja na kitambaa hichohicho, kakifunga kidoleni tayari, na ndimu mfukoni. Nilimpenda sana shangazi lakini nilimwambia aende akapumzike. Ndimu kwenye kidonda kile, jaribu kwako kwanza. Asali mbichi nayo haijasafishwa, kwa mtoto asiye na kinga wodi yetu walikataa. Multivitamini na vidonge vya kuongeza damu vya wajawazito vina foliki asidi, inaweza kuingiliana na hiyo methotreksati, usimpe bila kuuliza. Ya kwangu niliimwaga chooni, nikalia kwa bei niliyonunulia.

Kusafisha mdomo: maji yaliyochemshwa yakapoa, lita moja, kijiko cha chai cha chumvi na kimoja cha bekingi soda. Siyo magadi ya kulainishia maharage, na siyo ile poda ya kuumulia keki, ni vitu tofauti. Asukutue na kutema kila baada ya kula na kabla ya kulala. Asipoweza kusukutua, lowesha gozi safi umguse taratibu, usisugue. Tengeneza mapya kila siku.

Chakula, uji mwepesi uliopoa, mtori, parachichi lililopondwa, mtindi wa dukani uliochemshwa maziwa yake, siyo wa kibuyu. Barafu ya maji safi anyonye. Kisiwe cha moto, kisiwe na chumvi, pilipili wala ukwaju. Akila vijiko vitatu, vitatu vimeingia, usimshikie fimbo.

Uliuliza na kuhusu dada yake, na dawa ya meno, sikumbuki vizuri, na uzi umeshakuwa mrefu. Mswaki uwe laini wa watoto. Dada yake akiwa na mafua alale kwingine. Mengine wadau watajazia, ila majani ya mpera tuyaache kabisa.

Umempa Panadol ya mwisho saa ngapi leo? Na wodi wamesemaje? Andika hapa, niko macho.