Nani atanikazia visu vyangu?

SWALI: Mambo mhariri, mi natengeneza visu vidogo kwa mkono, kukata na kusaga nafanya mwenyewe ila tanuri sina, nimpelekee nani anikazie chuma kwa moto kiwe kigumu?

JIBU: Poa. Jaribu karakana zinazokaza gia na vifaa vya mashine, ila kusanya visu kadhaa vya chuma aina moja upeleke kwa mkupuo, ukienda na kimoja kimoja watakuzungusha tu. Watauliza ni chuma gani, na ukijibu "nimeokota" basi tena, maana 1084, chuma cha kaboni cha kawaida, inapashwa hadi kama 815°C ndo inapozwa ghafla kwenye mafuta, wakati steinlesi nyingi za visu zinataka zaidi ya 1000°C. Matundu ya mpini toboa kabla, makali yaache unene wa milimita 1 hivi. Na wasisahau kuvirudishia moto mdogo, kama 200°C, bila hivyo vinapasuka kama glasi.