Likizo Hii Usiiachie Simu Ikuchagulie Muziki

Dada mmoja, mwalimu huko Mwanza, ameniandikia kwamba likizo ya Juni ilimwisha akiwa hoi kuliko alivyoianza. Kila akijilaza, simu mkononi, klipu baada ya klipu, mpaka saa nane za usiku. Anataka kujua mimi huwa natazama na kusikiliza nini nikiwa mapumzikoni. Nimefurahi sana kuulizwa, kwa sababu jambo hili nimelishughulikia kwa miaka na ninajua ninachokisema.

Krismasi huwa nakwenda kwetu Lushoto. Kabla ya kuondoka Dar nakuwa nimeshapakua kila kitu, nyimbo kwa video. Safari naiacha, mnaijua. Nikishafika nazima data, naunganisha spika ndogo, tunakaa kibarazani na mama, mashangazi na wajomba. Kinachopigwa pale nimekichagua mwenyewe, kwa utulivu, kabla uchovu haujanichagulia.

Naanza na dansi la zamani. Wengi wetu tunaolijua kupitia simu tunalijua chemko lake tu: gitaa limeshachangamka, tumba zinajibizana, ukumbi mzima umesimama. Hicho ndicho kipande kinachokatwa na kusambazwa. Lakini wimbo wa Mlimani Park, bendi iliyoanza mwaka 1978, au wa bendi ya Msondo, hauanzii hapo. Kuna sehemu ya kwanza ya taratibu, mwimbaji anasimulia kisa chake ubeti kwa ubeti, wenzake wanaitikia, gitaa la solo linapita katikati bila haraka. Pumziko liko hapo! Nyimbo nyingi za aina hii zilirekodiwa kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, na ukitulia unasikia jinsi wapigaji wanavyosubiriana. Ukiruka mwanzo ukaenda moja kwa moja kwenye chemko, umejinyima nusu ya wimbo, tena ile nusu inayotuliza.

Sisemi kwamba kifupi ni kibaya. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu tu, na taarabu ikaenea humo pwani nzima. Ila zile zilikuwa dakika tatu zilizopangwa zianze na ziishe. Sekunde kumi na tano zilizonyofolewa katikati ya wimbo hazina mwanzo wala mwisho, kwa hiyo unabaki na hamu, unavuta nyingine.

Video nazichagua kwa kipimo hichohicho: ianze, iishe. Ninayoipenda kuliko zote ni ya mama mmoja anayesuka ukili, ule utepe wa kushonea mikeka. Hakuna muziki, hakuna anayezungumza. Analowesha chane, yaani vipande vyembamba vya ukindu, anazipitisha juu, chini, juu, anavuta ukingo kwa kidole gumba, na unasikia ule mchakacho wa ukindu. Inakwisha pale anapofunga ncha. Mama yangu huiomba kila mwaka na kumsahihisha yule msukaji kana kwamba yuko mbele yake.

Ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, niliituma orodha yangu kwenye kundi letu la WhatsApp kabla ya kufunga mwaka. Walinicheka. Mmoja akaandika kwamba hizo ni nyimbo za kusubiria pensheni, wengine wakashangilia. Sikujibu, lakini iliniuma, na siwezi kusema imekwisha. Leo baadhi ya hao hao hunitafuta Desemba ikikaribia, wananiomba orodha, na ninawapa.

Ndugu zangu, mapumziko yana adabu yake. Chagua kabla. Nenda kwenye mipangilio ya YouTube, zima ile sehemu inayoleta video nyingine yenyewe. Humohumo utakuta pia kikumbusho cha kupumzika, kiwashe. Video fupi tazameni mchana, mkiwa wawili watatu, mcheke pamoja. Usiku ni muziki tu, na simu ikae mbali na mto. Na chagua kabla, nalirudia hili kwa sababu ndilo watu wanalolipuuza, halafu Januari wanalalamika kwamba likizo ilikuwa fupi. Umefanya kazi mwaka mzima, unawezaje kumkabidhi mapumziko yako mtu usiyemjua, ambaye faida yake ni wewe usilale?

Kwako mwalimu: umesema utakwenda kwa mama yako. Jioni ya kwanza usimpigie orodha yangu. Muulize alikuwa anacheza dansi la bendi gani alipokuwa msichana, andika majina atakayotaja, upakue usiku huohuo. Zangu utaziongeza kesho yake.