Nile na Frati: tofauti iko katika majira ya mafuriko
Umeuliza kwa nini Misri na Mesopotamia (eneo ambalo leo kwa sehemu kubwa ni Iraki), ingawa zote zilitegemea mito, hazikustawi kwa namna moja. Kwa maoni yangu, jibu kubwa limo katika majira ya mafuriko. Nile, uliolishwa na mvua za nyanda za juu za Ethiopia, ulifurika takriban kati ya Julai na Oktoba, kisha maji yakapungua na kuacha udongo mweusi wakati ule ule wa kupanda. Tigris na Frati, mito ya Mesopotamia, ilifurika Aprili na Mei, shayiri ikikaribia kuvunwa, hivyo Wasumeri, watu wa kale wa kusini mwa Mesopotamia, walilazimika kujenga matuta ya kuzuia maji na kuchimba mifereji iliyodai usimamizi wa pamoja, na ambayo, jambo linalosahauliwa mno, iliwaletea chumvi mashambani.