Tarehe tatu za kuzaliwa kwa babu: ushike ipi?

Ndugu, umesema cheti cha ubatizo kinaonyesha babu alizaliwa Mei 1943, pasipoti inasema 1 Januari 1940, na kaburini pameandikwa 1941. Tafadhali usichukue ya katikati ili kuwaridhisha wote.

Jiulize kila tarehe iliandikwa lini na nani alitoa habari. Hiyo 1 Januari ningeitilia shaka mara moja: mtu asiyejua siku yake akifika kwa karani, mara nyingi aliandikiwa siku ya kwanza ya mwaka, na mwaka wenyewe ukakisiwa. Tena wapo walioongeza umri wapate kazi. Cheti cha ubatizo kina uzito zaidi, ila angalia alibatizwa lini. Kama ni akiwa mchanga, kiamini. Kama alikuwa kijana tayari, hata padri huenda alikisia. Omba uone kitabu chenyewe cha parokia, maana vyeti hunakiliwa baadaye na 3 hugeuka 8 kirahisi.

Halafu kauli ya dada mkubwa wa babu, kwamba babu alikuwa bado anabebwa mgongoni baba yao mdogo alipokwenda vitani Burma (Myanmar ya leo), ni hazina kubwa. Askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki) walipigana huko kuanzia 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia. Hapo 1943 inakaa vizuri, 1941 kwa shida, 1940 haikai kabisa.

Kwenye mti wa ukoo andika "takriban 1943", na chini yake uweke tarehe zote tatu na zilikotoka. Na huyo bibi umrekodi mapema, wiki hii ukiweza.