Umetuma, na kundi limeshasoma: majibu kwa wasomaji

Barua za mwezi huu zimefanana sana. Nyingi ni za watu waliotuma neno kwenye kundi la WhatsApp lisilolihusu, au kundi lenyewe lakini kwa hasira, na sasa hawalali. Nimechagua sita. Nasema mapema ninachoamini, ili usinisome hadi chini ukitafuta njia ya mkato: ukiweza kufuta, futa upesi, lakini ujue aliyeumia bado anakusubiri.

Nilikuwa namwandikia mume wangu kuhusu mwalimu wa darasa: "Huyu kazi yake ni kuitisha pesa tu, mtoto hata kusoma hajui." Kumbe nimeandika kwenye kundi la wazazi, na mwalimu yumo. Nikafuta kwa hofu, lakini rafiki yangu anasema kwake ujumbe bado upo. (Mama wa wawili, Section 58, Nakuru)

Dada, ulichofuta ni nakala yako. WhatsApp inakupa njia mbili, kufuta kwako peke yako na kufuta kwa wote, na mkono ukitetemeka ni rahisi kubonyeza ile isiyosaidia. Ukikosea hivyo, chini ya skrini hutokea kitufe cha kutengua, nacho hukaa sekunde 5 tu. Zikishapita, huna tena uwezo juu ya ujumbe huo. Mwenye uwezo ni msimamizi wa kundi, kwa kuwa tangu 2022 wasimamizi wanaweza kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote. Mpigie simu sasa hivi. Usimwandikie, huenda simu yake iko mfukoni.

Kwa wengine mnaosoma: muda wa kufuta kwa wote ni takriban siku 2, na wa kuhariri ni dakika 15. Vyote huacha alama. Kundi litaona kwamba ujumbe ulihaririwa, au kwamba palikuwa na ujumbe ukafutwa. Tena simu nyingi za Android, kuanzia toleo la 11, zinaweza kutunza historia ya arifa mwenyewe akiiwasha, kwa hiyo maneno yako yanaweza kusomwa huko hata baada ya kuondoka kwenye kundi. Ndiyo maana sipendi mtu afute kisha akae kimya, akijipa moyo kwamba labda hawakuona.

Sasa mwalimu. Usingoje mkutano wa wazazi. Nenda shuleni asubuhi kabla ya kengele, au mpigie jioni ya leo. Usimwambie "samahani kama ulijisikia vibaya", maana hapo unamtupia yeye mzigo wa kujisikia. Yataje maneno yako: "Mwalimu, niliandika kwamba kazi yako ni kuitisha pesa. Nilikukosea, tena mbele ya wazazi." Akinyamaza, mwache anyamaze. Kisha rudi kwenye kundi uandike mistari miwili, kwa kuwa wazazi waliosoma ulivyomdharau ndio wanaopaswa kusoma ukimrudishia heshima yake.

Jambo moja usilipoteze katika aibu hii. Kama kweli mtoto hajui kusoma, hilo ni swali halali la mzazi. Liulize wiki nyingine, ana kwa ana, daftari la mtoto likiwa mkononi. Ukilichanganya na kuomba radhi, mwalimu atasikia lawama mpya.

Timu yetu Gor Mahia ilipoifunga Ingwe (AFC Leopards) niliwatumia wenzangu stika ya mtu anayecheza. Ikaingia kundi la matanga ya mzee wa binamu yangu huko Luanda, dakika chache baada ya kutangazwa siku ya kutoa mwili mochari. Nilifuta mara moja, ila hakuna aliyenijibu chochote. (Shabiki, Kondele, Kisumu)

Pole ndugu yangu, na pole kwa msiba. Andika sasa, kwa ufupi: "Stika ile ilikusudiwa kundi la mpira. Naomba radhi kwa familia." Usieleze habari za mechi hiyo ya Mashemeji Derby wala jinsi makundi yalivyofuatana kwenye simu yako. Mfiwa hana nafasi ya hadithi hiyo. Kisha mpigie binamu yako mwenyewe, umwambie vivyo hivyo kwa mdomo.

Lakini kwetu huku Magharibi msiba una mlango mwingine, nao uko wazi. Nenda mapema. Matanga yanahitaji watu wa kusimamisha hema, kupanga viti, kupasua kuni, kuteka maji na kukesha. Kijana aliyetuma stika ya kucheza kisha akaonekana siku mbili mfululizo na jasho usoni, wazee watamkumbuka kwa kuni zake. Sisemi kazi inachukua nafasi ya radhi. Nasema wazee wetu huamini zaidi radhi ya mtu waliyemwona akifanya kazi.

Na kwa yeyote atakayejikuta hapo: kama una sekunde tatu za utulivu, kabla hujafuta, bonyeza ujumbe kwa muda na ufungue maelezo yake. Utaona majina ya waliousoma. Hata aliyezima tiki za buluu huonekana kwenye kundi. Hao ndio wa kupigiwa kwanza.

Nilibandika ujumbe wa M-Pesa kuthibitisha mchango wangu wa mazishi. Nilituma shilingi 300, na salio la 61,000 likaonekana. Sasa wananisema. (Mwanachama, Kakamega)

Futa, kisha tuma upya ukiacha namba ya muamala na kiasi tu. Usijieleze. Hakuna anayejua kama pesa hizo ni za karo, za kodi au za mtu mwingine uliyemwekea, na huna deni la kuwaambia. Mweka hazina naye anaweza kuwaokoa wengi kwa kutangaza kwamba namba ya muamala inatosha.

Maji yalipokatika siku ya tatu tulibishana kwenye kundi la ploti. Niliandika kwamba watu wa kabila fulani ndio wanaharibu ploti na "warudi kwao". Jirani wa mlango wa pili ni wa kabila hilo. Ananisalimu, lakini watoto wake hawaji tena kwangu. Nilifuta baada ya saa moja. Je, inatosha? Naweza kushtakiwa? (Mpangaji, Kaptembwo, Nakuru)

Haitoshi, na sitakulainishia. Unaishi Kaptembwo. Mwishoni mwa Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, watu walifukuzwa majumbani mwao Nakuru, mtaa wako ukiwemo, kwa sababu ya kabila lao. Siku zile ujumbe wa chuki ulipita kwenye simu ndogo, kabla makundi haya hayajakuwepo, na maneno mengi yalikuwa kama hayo yako. Jirani yako akiyasoma hasikii ugomvi wa maji. Anahesabu watoto, anafikiria mlango, anajiuliza nani atamwambia mapema siku ikifika. Watoto hawaji kwa sababu mama yao ameshapiga hesabu hiyo.

Kuhusu sheria: Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008, ambayo ilizaliwa na machungu hayohayo, inakataza katika kifungu cha 13 maneno ya vitisho au matusi yanayokusudia kuchochea chuki za kikabila, au yanayoweza kuzichochea kwa jinsi hali ilivyo. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kufuta hakuzuii mtu aliyepiga skrinshoti kuipeleka kwenye kituo cha polisi. Ukiitwa, nenda na wakili. Lakini nakusihi usiombe radhi kwa sababu ya kifungu cha 13. Jirani atakutambua.

Nenda kwake jioni, mumewe au mtu mzima mwingine akiwepo, usimvizie peke yake. Kama unaona heri kuwe na mtu wa kati, mwombe mzee wa Nyumba Kumi, yule wa usalama wa mtaa, akusindikize. Mwambie uliandika nini, neno kwa neno, bila kutaja maji. Ukitaja maji unatafuta sababu. Mwambie kwamba hapa ni kwake. Akikujibu kwa ukali, pokea. Akisema hawezi kusamehe leo, mwambie umeelewa na uondoke. Usiwaite watoto wala kuwapelekea biskuti ili mambo yaonekane yamepoa. Watakuja mama yao akitaka.

Baada ya hapo andika kwenye kundi, hata kama ujumbe wenyewe hauonekani tena: "Niliandika kwamba wenzetu warudi kwao. Nilikosea. Kila mpangaji wa ploti hii yuko kwake." Wengine watakuambia umefufua jambo lililokwisha. Halijaisha kwa yule wa mlango wa pili. Na tunaelekea uchaguzi wa Agosti 2027, wakati kila kundi la ploti mjini kwenu litapata mtu wa kuandika maneno kama yako. Siku hiyo wapangaji wenzako watakumbuka kama ulipoyaandika kuna mtu aliyesema "hapana", na ningependa sana awe wewe uliyeyaandika.

Maji mpelekeeni mwenye nyumba, pamoja, wewe na jirani huyo.

Picha ya faragha niliyomtumia mume wangu iliingia kundi la akina mama wa kanisa. Msimamizi aliifuta haraka, lakini mmoja ananidokeza kwamba anayo. (Mke, Bungoma)

Mama, pole sana. Kidole kimeteleza, hujafanya jambo la aibu. Aibu ni ya huyo anayekudokeza.

Simu nyingi huhifadhi picha zenyewe upande wa picha, na kufutwa kwenye kundi si lazima kuiondoe huko. Mwombe msimamizi awaandikie wote waende huko wakafute, bila kueleza ni picha gani. Huyo mmoja mwambie kwa maandishi: "Naomba ufute picha hiyo leo, na usimpe mtu." Hifadhi jibu lake. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inamwadhibu anayesambaza picha ya faragha ya mwingine, kwa faini hadi shilingi 200,000, au kifungo hadi miaka 2, au vyote. Akikutisha au akikudai pesa, usilipe hata senti. Peleka ujumbe wake kituo cha polisi, uende na mumeo au dada unayemwamini. Na mumeo umwambie leo, asije akasikia kwa mwingine.

Mimi ni msimamizi wa kundi la kwaya, Kitale. Mwimbaji mmoja alituma ujumbe wa sauti akimsema kiongozi wetu, akaufuta, akatoka kundini. Wengine wanauliza "alifuta nini?" na kuna aliyeurekodi. Nifanye nini?

Una kazi ngumu, na nakuheshimu kwa kuuliza kabla ya kufanya. Kwanza, badilisha mpangilio ili wasimamizi peke yao waandike, kwa siku chache tu. Andika: "Kuna jambo limetokea kati ya wawili wetu, linashughulikiwa na wenyewe. Aliye na rekodi aifute." Usilieleze jambo. Ukilieleza, hata waliokuwa hawajui watajua.

Pili, mfuate aliyetoka. Siku hizi mtu akitoka kimyakimya ni wasimamizi tu wanaopata taarifa, ingawa wanachama wengine wanaweza kumwona kwenye orodha ya waliotoka kwa siku 60. Kwa hiyo huenda wewe ni mmoja wa wachache wanaojua kwamba yuko nyumbani peke yake na aibu yake. Usimrudishe kundini kwa nguvu. Mpigie, umuulize kama yuko tayari kuzungumza na kiongozi, na umwambie sauti yake inahitajika Jumapili.

Tatu, kiongozi. Huenda aliusikiliza ujumbe wote. Nenda kwake kabla ya mazoezi, umsikilize bila kumtetea mwimbaji. Kama katika maneno yale kulikuwa na malalamiko ya kweli, labda ratiba, labda pesa za sare, mwombe ayapokee siku nyingine kutoka kwako, kwa lugha ya adabu. Wawili hao wakutane kabla ya Jumamosi, na kundi ulifungue baada ya mkutano huo.