Kuhusu mishipa ya miguu: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Uliniuliza kwa simu kama hiyo mishipa iliyokutoka nyuma ya goti umeirithi kwangu, na kama ni lazima ikatwe. Mashine za hapa kinyozi hazikuniacha nikujibu vizuri.

Kurithi, huenda. Bibi yako alikuwa nayo, nami ninayo. Ila kusimama kwenye geti huko Westlands usiku kucha pia kunachangia. Damu ya miguuni hupanda kurudi moyoni, na ndani ya vena, yaani mishipa inayoirudisha, mna vali ndogo, kama vilango, zinazoizuia isiteremke tena. Vali zikilegea, damu inatuama, vena inatanuka na kujipindapinda chini ya ngozi. Kinachoisukuma damu juu ni msuli wa shavu la mguu, kila unapopiga hatua. Kwa hivyo kinachokuumiza zaidi ni kusimama wima kama mlingoti. Zunguka ua. Mimi nikingoja mteja hushika kiti nikainua visigino, juu chini, juu chini. Wapo wanaodhani nacheza rumba.

Soksi za kubana mimi huzivaa kabla sijashuka kitandani, miguu haijajaa. Wewe unayelala mchana, zivae ukiamka. Geuza soksi ndani nje hadi kisiginoni, penyeza vidole, kisha ivute taratibu bila kuacha kunjo, maana kunjo moja tu huacha alama nyekundu siku nzima. Lakini usizinunue kwa kukisia. Daktari kwanza apime kama damu inafika vizuri kwenye nyayo, kwa sababu mwenye ateri zilizoziba, yaani mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, anaweza kudhurika. Ukilala, weka mto chini ya miguu ipite usawa wa moyo. Na ile dawa ya kupaka inayouzwa kwenye matatu, inayotibu jino, minyoo na mishipa kwa mkebe mmoja, haikazi vali yoyote.

Kukatwa si lazima. Mguu ukiwa mzito na kuuma kila jioni, au ngozi ya kifundo ikiwasha, ikigeuka rangi au kutoa kidonda, usikawie kupimwa kwa ultrasaundi. Siku hizi wengi huchomwa sindano ya dawa inayoifunga vena, au vena hufungwa kwa joto kutoka ndani. Damu haikosi njia ya kurudi, kwani vena za ndani zaidi hubeba mzigo huo. Nyingine zinaweza kujitokeza baadaye, usishangae.

Hili sasa lishike. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa moto na kuuma, au ukibanwa pumzi ama kifua, usingoje zamu iishe: huenda damu imeganda, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Vena ikipasuka, lala chini, inua mguu, gandamiza kwa nguvu na kitambaa safi, kisha utafute msaada.

Jumamosi ukitoka kazini pitia hapa twende kliniki pamoja. Uvae kaptura, si ile suruali yako ya kubana.

Baba yako